Anza na Sauti ya Mtu

Nakumbuka siku moja, saa sita ya mchana ikikaribia, nikiwa bado binti mwenye kusoma matangazo ya vifo na ya wagonjwa kwenye radio yetu hapa Bukavu. Mama mmoja kutoka Kalehe alisukuma mlango wa studio, akaweka radio yake ndogo juu ya meza yetu. Aliitwa Mama Nsimire. Alikuwa amevaa kitambaa cha kilio, na hakutusalimia.

Ngoja kwanza, Murhula mwanangu, kabla sijafika kwake. Nakueleza haya kwa sababu umenichokesha. Wewe ndiye unakaa sasa kwenye meza ya sauti, na juzi muziki wako ulinguruma hapa nyumbani kwangu Bagira mpaka nikashusha radio, kichwa kinaniuma. Tangazo lililofuata likapita kama mbu. Kesho yake naambiwa Maman Cécile, niliyeimba naye chorale ya kanisani tangu usichana, amekwisha kuzikwa. Nilipokupigia simu, mimi shangazi yako, ulinijibu nini? "Tantine, niliangalia sindano ya kipimo cha sauti, hakuna kilichopita kiasi." Jibu hilo nililisikia zamani kwa mdomo wa mtu mwingine, na hata wakati ule halikunifaa kitu.

Huyo mtu alikuwa Bosco, tekinisiani wetu wa sauti. Kijana mzuri, kichwa kigumu kidogo, kama wewe. Alitaka radio yetu isikike kwa nguvu kuliko zote za mji. Basi akachukua limiteur, ile mashine inayozuia sauti isipande kupita mpaka, akausukuma muziki ndani yake mpaka ukabanwa wote. Unajua hiyo inafanya nini, ila unajifanya hujui. Muziki uliobanwa hivyo haupumui, uko juu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa nasoma kama mtu anavyosoma: neno moja linapanda, lingine linashuka, katikati nameza mate. Sindano iligusa mahali pamoja, kwa muziki na kwangu, na Bosco akatosheka. Lakini sikio halifuati sindano. Linasikia sauti inayomwagika muda wote, si ile inayoruka juu mara moja tu.

Sasa Mama Nsimire. Mume wake alikuwa amelazwa hospitalini Katana, na yeye kule Kalehe aliwasha radio kila saa ya matangazo, maana simu hazikuwa katika kila nyumba. Familia ilituletea tangazo: hali imekuwa mbaya, mke aje haraka, mume anamwita. Nililisoma vizuri, nikalirudia. Ila kabla yangu Bosco alikuwa amepiga muziki wake. Mtoto wa yule mama alikuwa na homa, ndiyo kwanza amepata usingizi, na muziki ukamshtua. Mama akashusha radio. Muziki ulipokwisha alibaki na kinong'ono changu na chungu kinachochemka. Hakusikia kitu. Habari ilimfikia baadaye kwa mdomo wa jirani, na alipofika Katana mume alikuwa amekufa. Shemeji yake alimwambia kwamba mgonjwa aliuliza jina lake mpaka pumzi ikakatika.

Hayo alitueleza amesimama. Na Bosco, badala ya kunyamaza, akamwonyesha sindano. "Maman, angalia. Muziki na tangazo, yote iko sawa."

Mama Nsimire hakuiangalia. "Mimi sina sindano ku nyumba," alisema. "Niko na hii radio na mutoto mwenye kulala. Piga ile muziki yako, kisha kuya huku inje usikilize na mimi."

Saa ya matangazo ilikuwa imefika hata hivyo. Mama akabeba radio yake akatoka, na Bosco akauacha muziki upite, akamfuata koridoni. Mama akashusha radio yake mpaka pale ambapo mtoto mgonjwa angeweza kulala, akaondoa mkono. Nilifungua mikro mwenyewe, nikaanza kusoma. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Bosco akiinama, akainama tena, mpaka sikio lake likagusa radio. Mama Nsimire alichukua radio yake akaenda.

Tangu siku hiyo Bosco alianza na sauti ya mtu. Aliipanga kwanza sauti ya matangazo, ikae vizuri, kisha akauteremsha muziki mpaka sikio lisilazimike kuchagua. Limiteur akaiachia kazi yake, kuzuia kelele ya ghafla, basi. Na radio ndogo ya betri ilikaa kando ya meza yake, imeshushwa, mpaka alipostaafu.

Mwanangu, fanya hivyo. Sindano uiangalie, ni kazi yako, lakini usinijibu nayo tena. Tafuta radio mbaya, ishushe, toka koridoni, usikilize muziki ukipisha tangazo. Ukijikuta unatafuta kitufe cha sauti, rudi ukarekebishe kabla mtu mwingine hajakosa kuzika wake.

Mungu akulinde, akupe kazi isiyokatika, na masikio pia akupe. Dada yangu mkubwa yuko Katana, na siku hizi sauti ya radio yake anaishusha. Siku moja tangazo la kifo changu litafika kwenye meza yako. Naomba siku hiyo alisikie jina langu mara ya kwanza linaposomwa.