Ukuta wa Plaiwudi Pale Migori

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga chai mara tatu kabla ya saa mbili asubuhi, na hata leo nasema hakuna hata mara moja iliyokuwa kosa langu. Hoteli ile ya Sori ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja. Wavuvi waliotoka ziwani waliingia kwa mlango huo, waliokwisha kunywa wakatokea huo huo, na mimi nikaibuka jikoni na trei ya vikombe sita. Mwenye hoteli, mzee mnene tuliyemwita Bosi tu, alinitazama nikipangusa sakafu kwa mara ya tatu.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, maana kila msichana alimwita hivyo, "weka hiyo trei chini. Leo usibebe kitu. Simama hapo kwa kona uangalie vile watu wanatembea."

Nilidhani nimefutwa kazi kwa adabu. Nikasimama mpaka adhuhuri, miguu ikiniuma, na nikaona kwamba watu wote waligongana mahali pamoja: kwenye beseni la kunawia mikono, lililokuwa katikati ya njia ya jikoni. Nikamwambia Bosi. Kesho yake beseni lilihamia nje ya mlango, na mwezi ule sikumwaga chai tena ila mara moja, na hiyo ilikuwa kosa langu kabisa.

Kutoka Sori nilikwenda Homa Bay, kwenye duka la kahawa hasa, lenye mashine ya kahawa inayopuliza mvuke. Hapo nilijifunza kazi yenyewe. Kahawa iliyosagwa hukandamizwa ndani ya kikombe kidogo cha chuma chenye mpini, tulichokiita mkono. Mkono ukifungwa kwenye mashine, maji moto hupita kwa nguvu na kahawa hudondoka. Mtengenezaji mzuri hapigi hatua zaidi ya mbili: kahawa iwe kuliani, maziwa kushotoni, vikombe juu ya kichwa chake. Vyombo vichafu na vyombo safi visikutane njiani. Na ukipita nyuma ya mwenzako mwenye maziwa moto, paza sauti, "Nyuma yako!" hata kama ni mkubwa wako.

Mkubwa wetu alikuwa Madam Mkurugenzi, mwanamke mrefu aliyevaa raba ili tusimsikie akija. Ni yeye aliyenipandisha cheo kuwa msimamizi wa kaunta, kwa sababu ya uji. Wateja wetu wengi walikuwa Wasabato, ambao kahawa hawaigusi. Walikuja kwa uji na maziwa, vitu ambavyo tayari vimo kwenye chupa, lakini walipanga foleni moja na wanywaji kahawa wakangoja mashine ambayo hawana haja nayo. Nikaweka chupa za uji mwisho wa kaunta na msichana wake wa kumimina. Foleni ikapungua siku ile ile.

"Nyar Sori," Madam akaniambia, yaani binti wa Sori, "wewe macho yako iko kwa miguu ya watu."

Nilivimba kichwa. Naliandika hili waziwazi, kwa kuwa kichwa hicho ndicho kilichoniponza Migori.

Migori Madam alinipeleka niwe meneja wa tawi. Duka lilikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta wa plaiwudi kutoka mlangoni hadi nyuma, na kaunta ilikuwa upande mmoja tu. Mhudumu aliyepeleka kahawa chumba cha pili alitoka hadi barazani, akazunguka, akaingia tena. Nilihesabu hatua zake: thelathini na moja kwenda, thelathini na moja kurudi. Kahawa ilifika imepoa na mhudumu amenuna. Wiki ya pili nikamwita fundi, ukuta ukang'olewa. Hatua zikawa kumi na mbili. Nilisimama katikati ya ukumbi ule mpana, hewa inapita, mwanga umejaa, nikajipongeza mwenyewe.

Siku za kawaida mambo yalikwenda vizuri. Siku za soko ndizo zilizotuangusha. Watu walifika mlangoni, wakaangaza macho, wakasema, "Nitarudi," wakaondoka. Hawakurudi. Siku ya soko ndiyo iliyobeba duka. Bila hiyo, siku nyingine zote hazitoshi. Nilibadilisha viti. Nilibadilisha maziwa. Nilimgombeza mtengenezaji kahawa wangu bure, na namwomba radhi hapa.

Madam Mkurugenzi alikuja Septemba akakaa asubuhi nzima. Mwishowe akaniita kando.

"Spidi yenu iko sawa, sina shida na spidi. Lakini mimi naona viti tupu. Ikifika Desemba kama ni hivi, nafunga. Homa Bay niko na nafasi ya watu wawili peke yake."

Tulikuwa tisa. Nilirudi kaunta nikawatazama wenzangu wakicheka na kupanguza vikombe, na nikashindwa kuwaambia.

Siku ya soko iliyofuata, maziwa yaliisha mapema, nikavuka barabara kwenda kuyatafuta. Nyuma ya kibanda cha chai nilimkuta mkwe wangu, Mwalimu Marwa, aliyemwoa binti yangu Awuor na kwenda kuishi naye Kegonga. Alikuwa amesimama kwenye jua na kikombe cha plastiki. Aliponiona alikificha mgongoni, na chai ikamwagikia viatu.

"Habari ya asubuhi, Mama," akasema, macho chini.

"Mzuri, Mwalimu. Niko na viti arobaini hapo mbele, na wewe unakunywa chai ukisimama?"

"Viti ziko, Mama." Akakohoa. "Lakini hakuna mahali ya kujiweka. Mtu akikaa anaonekana na kila mtu. Zamani kulikuwa na ile ukuta."

Mzee mmoja wa Kikuria aliyekuwa pembeni yake akadakia, "Maro yake ni wewe, atakunywa aje mbele yako? Na wangu yuko hapo ndani saa hii, kwa dirisha. Hawa wote unaona hapa wako na mtu wao huko ndani."

Maro ni mama mkwe kwa Dholuo. Mzee alilitumia neno la kwetu ili nisikose kumwelewa. Nililielewa mno. Kwetu Wajaluo na kwao Wakuria, mwanamume hali wala hanywi mbele ya mama wa mkewe, na mke vivyo hivyo mbele ya baba mkwe. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye ndoa miaka mingi bila baba mkwe wangu kuniona nikitafuna. Siku ya soko ukoo mzima huja mjini, na ule ukuta uliwapa watu pa kujisitiri: ukimwona mkweo huku, unaingia kule. Nami nilihesabu hatua za wahudumu nikasahau aibu za watu. Na nani angeniambia? Utamwelezaje meneja kwamba unamkimbia mama mkwe wako? Unasema tu utarudi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Fundi alirudi kesho yake, akinicheka. Ukuta ulisimama tena, ila safari hii tulihamisha kaunta ikakaa nyuma, ikivuka vyumba vyote viwili, ukuta ukiishia mbele yake, na mhudumu akapita nyuma yake bila kutoka nje. Hatua kumi na nne. Mlangoni nikaacha nafasi ya mtu kusimama, kuchungulia pande zote mbili na kuchagua, bila kuzuia njia.

Desemba Madam alikuta watu wakingojea viti.

"Hii ukuta si mliitoa?" akauliza. "Nani alisema itoke?"

"Mimi, Madam." Nikamweleza yote.

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Nyar Sori, usiguse kitu ingine hapa mpaka ustaafu."

Sikugusa. Wote tisa tulibaki, na nilifanya kazi pale kwa furaha mpaka siku yangu ya kuaga. Ninyi mnaofungua maduka ya kahawa sasa, pimeni hatua, ni jambo jema. Halafu waulizeni walioondoka, si waliokaa tu.

Wiki niliyostaafu nilikwenda sokoni, nikaingia pale kama mteja. Mhudumu wangu wa zamani aliniwahi mlangoni akaninong'oneza, "Mama, Mwalimu yuko kushoto." Nikaingia kulia, nikakaa ubavuni mwa ukuta, nikaagiza kahawa.

Kupitia plaiwudi nilimsikia akikohoa, kisha kijiko chake kikikoroga. Nikakoroga changu. Miaka yote tangu amwoe binti yangu, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokaa nikanywa kahawa pamoja na mkwe wangu.