Landrova Iliyowaka kwa Mdomo

Leo mgeni ameliwasha gari langu kwa mdomo.

Ni mzee wa Kiholanzi ambaye husafiri nchi mbalimbali kutazama magari ya kale, treni za moshi na ndege za zamani. Alipokuwa akipita Muleba aliiona landrova yangu kando ya migomba, akabisha hodi. Aliomba asikie mngurumo wake tu, kwani kesho anavuka kwenda Uganda.

Mke wangu akamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nikafungua boneti.

Juu ya injini palikuwa na kuku, anaatamia.

Nikanyoosha mkono nimtoe. Mgeni ametoka mbali, na mayai ni mayai.

"Waitu, tafadhali, usimguse," mke wangu akasema. "Ukimhamisha, hayarudii tena hayo mayai."

Nikamtafsiria mgeni. Uso ukamshuka, lakini akaifunga boneti taratibu, kama mtu afungaye mlango wa chumba alicholala mtoto.

Kisha akaomba akae kwenye usukani. Akafumba macho, akaanza kunguruma kwa sauti ya chini, asimtishe kuku.

Nawaambia kweli, hakukosea hata kidogo. Kikohozi cha asubuhi kilikuwemo, na kile kilio cha gia ya pili pia.

Mimi, niliyewakataza wengi wenu kupiga kelele darasani, nikapanda upande wa pili.

"Sasa tunapanda mlima wa Kamachumu," nikamwambia. "Weka gia ya kwanza."

Akaweka. Tukaupanda wote.

Wanafunzi wangu wa zamani mnaosoma hapa, leo mnaruhusiwa kucheka.