Roza Akelo, Mwanamke Anayewatafutia Mbwa Kazi

MWANZA, 1962

Saa moja kasoro robo asubuhi, ufukoni Pasiansi. Bi Roza Akelo anachuchumaa na kupindua makopo matano matupu juu ya mchanga. Chini ya moja anatia dagaa mkavu. Hatua sita nyuma yake ameketi mbwa mweusi, sikio moja limelala. Anatetemeka kwa hamu, lakini hanyanyuki.

"Ngoja," anasema Bi Roza bila kugeuka. Anasogea kando. "Haya, tafuta."

Mbwa ananusa kopo la kwanza, analipita. La pili, analipita. La nne analisukuma kwa pua mpaka linalala, anamla dagaa. Bi Roza anampapasa kidevu, kisha anaanza upya. Safari hii anaweka jiwe juu ya kopo.

Mbwa huyo, Tomi, ni wa mwalimu mmoja wa Butimba. Mwezi uliopita alitafuna jozi tatu za viatu na mguu wa meza. Kwa shilingi kumi na tano kwa mwezi, Bi Roza humpa saa moja ya kufikiri kila asubuhi.

"Watu huniambia, mbwa huyu mkorofi," anasema. "Mimi nauliza, kutwa nzima anafanya nini? Wakijibu hafanyi kitu, basi ugonjwa nimeshaujua."

Bi Roza, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alizaliwa Shirati. Baba yake, Mzee Okomo, alichunga ng'ombe akiwa na mbwa wawili. "Jioni walikuwa hoi," anakumbuka. "Nani angepata nguvu ya kutafuna mlango?"

Alikuja Mwanza mwaka 1949, mjane mwenye binti mmoja, Suzana. Alipata kazi ya uyaya Isamilo, kwa mhandisi wa Kizungu na mkewe, Memsabu Wilhelmina. Mshahara ulikuwa shilingi sitini.

Huko ndiko alikokutana na Bruno, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia. Alifungwa mnyororo tangu asubuhi hadi jioni. Alichimba mashimo, akabweka mpaka sauti ikakauka. Siku moja ya mwaka 1959 mnyororo ulikatika. Bruno akamrukia mpeleka barua, Mayala, na kumrarua mguu. Jeraha lilishonwa nyuzi tano.

Amri ikatoka: mbwa apigwe risasi. Memsabu alilia. Bi Roza, ambaye hakuwahi kuulizwa neno juu ya mbwa yule, aliomba apewe siku kumi na nne.

"Bwana alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kinasema," anasema. "Akaniambia, ukishindwa utaondoka pamoja naye. Nikasema sawa. Usiku ule nilijuta, maana Suzana alikuwa shule na ada nalipa mimi."

Kesho yake alimfungua Bruno nyuma ya nyumba, akamfichia dagaa ndani ya gunia lililokunjwa. Siku ya kwanza mbwa alilichana gunia. Siku ya tatu alijifunza kulikunjua. Ilipofika siku ya tano alikuwa akitafuta vipande kumi bustani nzima, kisha analala kivulini bila kubweka.

Lakini kulala hakukutosha. Ilikuwa lazima amzoee mtu yule yule aliyemuuma. Bi Roza akaenda kwa Mayala kumwomba aje Isamilo.

"Mama Suzana," Mayala alimjibu, "mguu wangu huu si wa majaribio."

"Basi nipe shati lako la kazi. Lile kuukuu, ambalo halijafuliwa."

Mayala anasema alidhani mama huyo anataka kumroga. Mkewe ndiye aliyelitoa shati. Tangu siku hiyo kila dagaa wa Bruno alifichwa ndani ya shati la Mayala: mfukoni, kwenye mkono, chini ya kola. Mbwa akajifunza kwamba harufu ile ina kazi ndani yake, na kazi ile ina chakula.

Siku ya kumi na nne askari alisimama getini na bunduki. Mayala alikuja akisukuma baiskeli, kwa sharti kwamba Bi Roza asimame katikati. Bruno hakuwa na mnyororo. Alimwona, manyoya ya mgongoni yakasimama.

"Ngoja," Bi Roza alisema.

Mbwa alingoja. Upepo wa ziwani ulipoleta harufu, manyoya yakalala. Alimwendea Mayala polepole, akaanza kumpekua: mfuko wa suruali, mkono wa shati, mwishowe mkoba wa barua. Mkia ulikuwa ukipiga spoku za baiskeli.

"Nilikuwa nimefumba macho," anasema Mayala. "Nikasikia askari anacheka. Ndipo nikajua mguu wangu upo."

Habari zilienea Isamilo. Kufikia mwaka 1961 Bi Roza alikuwa ameacha uyaya na kufundisha mbwa tisa.

Kisha Uhuru ukaja, na Wazungu wengi wakaanza kufunga mizigo. Mhandisi naye aliondoka Machi mwaka huu. Bruno hakuwa na nafasi melini, na wengine waliokuwa wakiondoka walikuwa wakiwaua mbwa wao. Bi Roza hakuweza kumchukua, kwa kuwa mwenye nyumba wake, Bi Sihaba, alikwisha kumwambia waziwazi: "Wewe ni mwanangu, Roza, lakini mbwa uani hapana. Hapa tunaswali."

Mayala ndiye aliyekwenda Isamilo na kamba. Sasa Bruno anaishi kwake. "Amezeeka," asema mpeleka barua huyo. "Nikichelewa kazini haniamini mpaka anipekue."

Bi Roza amebakiwa na mbwa wanne. Watatu kati yao ni wa Waafrika, jambo ambalo miaka mitatu iliyopita lisingefikirika. Anataka kiwanja chenye uzio karibu na ziwa, ili afundishe mbwa na wenyewe pamoja, "maana mbwa nikimrudisha kwa mtu asiyejua, mnyororo unamngoja."

Wiki iliyopita alipeleka maombi ya kiwanja kwenye ofisi ya mji. Karani, kijana mpole, alimwuliza kazi yake ili aijaze.

"Nikamwambia andika mwalimu," anasimulia Bi Roza, akikusanya makopo. "Akauliza, wa shule gani? Nikamweleza. Akacheka sana, akaandika mtumishi wa nyumbani. Nami nikacheka naye. Tulipomaliza kucheka, nikamwomba fomu nyingine."