Nilisema ni Mapambo ya Idi

Mimi si mtu wa kukaa. Tangu nilipokuwa mtoto kule Mahurunga, mama yangu alinipa ukindu nisuke ili nisimzunguke miguuni. Nikisuka natulia, nikimaliza, kiguu na njia. Kwa hiyo mwaka ule nilipokuwa na mimba ya tatu, tukiishi Mtawanya nyumbani kwa mama mkwe wangu, nikaambiwa nikae tu nisifanye lolote, nilidhani nitapata wazimu.

Sababu ilikuwa hii. Watoto wangu wawili wa kwanza hawakuishi. Mmoja alikwenda na siku tisa, wa pili hakufika arobaini. Wote wawili tuliwaandalia vizuri, kitanda kidogo, chandarua, mkeka wa rangi, kofia za kufuma. Basi kwa huyu wa tatu mama mkwe akakata kauli kwamba hakuna kuandaa. Mimba haitajwi wala haionyeshwi watu, nguo haishonwi, chumba kiwe kama cha mtu asiyengojea mgeni. Kinachowachukua watoto, alisema, huja pale kinapoona wanasubiriwa. Na mimi niliamini. Sikudanganyi, niliamini mpaka kwenye mifupa, na papo hapo mikono iliniwasha.

Ramadhani ilipofika kati nikaona pa kutokea. Idi kila nyumba inapambwa, na mimi nilijulikana mtaa mzima kwa mapambo. Nani angeniuliza?

Hatukununua kitu, maana cha kununulia hakikuwapo. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bandari, akawa ananiletea mifuko mitupu ya saruji. Mfuko wa saruji una karatasi tabaka kwa tabaka. La nje unalitupa, la ndani unalikung'uta nje ya nyumba huku umejifunga pua, unabaki na karatasi ngumu, safi, rangi ya chai ya maziwa. Mhindi wa duka alimpa mume wangu vipande vya karatasi ya bluu ya kufungia sukari, na mara moja, baada ya kusumbuliwa siku tatu mfululizo, ile karatasi ya fedha inayotandikwa ndani ya makasha ya chai. Ukindu niliupata kutoka kwetu mtoni, nikautia rangi mwenyewe, njano kwa manjano, wekundu kwa magome ya mkoko, weusi kwa masizi ya chungu. Nikakata minyororo ya karatasi, nikakata maua, nikasuka mapazia ya mlango. Mama mkwe akipita ananitazama, namwambia ni ya Idi, mama. Anaendelea na kazi zake.

Lakini chini ya kapu, chini ya minyororo yote, kulikuwa na kitu kingine. Duara la ukindu lenye upana wa sahani, na samaki saba wa karatasi ya fedha wakining'inia kwa uzi. Yalikuwa mapambo ya kutundika juu ya kitanda cha mtoto. Nilijua ninalofanya. Kila siku nilijiambia leo nitakichanachana, na kila siku nikaongeza samaki.

Kilichonifichua ni gundi. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa muhogo, na huku kwetu hata mtoto anajua kwamba gundi hupikwa kwa unga wa muhogo mchungu, ambao wadudu hawaugusi. Mchungu ulikuwa umekwisha ndani. Kwenda kuuomba kwa watu na tumbo lile ingekuwa kujitangaza njia nzima, nami nimekatazwa kuonekana. Nikapikia unga wa muhogo mtamu. Uvivu na woga, basi. Siku ya pili sisimizi wakaingia kwa mstari mlangoni, wakafuata ukuta, wakapita chini ya kitanda, wakapanda kwenye kapu langu. Mama mkwe akaja nyuma yao na ufagio.

Alitoa kitu kimoja kimoja akikipangusa. Huu wa barazani, akasema. Hili la mlangoni. Akalifikia duara. Akalishika usawa wa macho, akaligeuza, kisha akaliinua juu ya kichwa, akakunja shingo akalitazama kutokea chini. Hapo nikajua nimekwisha, kwa sababu wale samaki nilikuwa nimewakunja matumbo yatazame chini, wamfae mtu aliyelala chali.

"Na hili la nani?"

"La Idi, mama."

"Samaki wa Idi," akasema. Hakunitukana, afadhali angenitukana. "Umekwisha kukiita kinachowachukua, mwanangu."

Akatoka nalo, akaenda kulitupa jaani, nyuma ya jiko letu. Nilimwona kwa mwanya wa ukuta.

Toka siku ile sikuwa na raha. Nilizunguka uani asubuhi, nikazunguka jioni, mkono tumboni, nikihesabu anavyocheza. Mchana mmoja hakucheza kabisa mpaka alasiri, nikajilaani kwa kila kitu nilichowahi kukisuka. Idi ikaja. Nyumba yetu ikapendeza kuliko zote, watu wakaingia na kutoka wakisifia mikono yangu, na mimi nimefichwa chumbani, nilitamani kuibomoa ile minyororo kwa meno. Pilau sikuigusa.

Siku ya pili mama mkwe akayashusha mapambo yote akayatupa jaani. Kila mwaka alikuwa akiyatia moto papo hapo. Safari ile hakuyachoma. Karatasi za bluu, maua, ukindu mwekundu na wa njano, vyote vikakaa juu ya maganda ya muhogo, na kila nikienda jikoni nakutana navyo. Nilimchukia, nasema kweli. Nilidhani anayaacha makusudi ili anisute.

Siku nne baada ya Idi nikajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Sikumtazama sana. Nilimnyonyesha nimegeuza uso ukutani.

Siku ya saba ikawa ya kumtupa. Kwetu mtoto aliyezaliwa nyuma ya wafu hutupwa jaani kama taka, na mwanamke mwingine, ambaye wanawe wote wazima, humwokota. Halafu mama wa mtoto anamnunua kwake. Hapo ni mtoto wa watu, si wako tena, na kinachowachukua watoto wako hakina haja naye. Kwetu aliyechaguliwa ni jirani mwenye watoto saba. Alikuwa amtunze mpaka adhuhuri, kisha amrudishe, tumlipe kikapu cha makopa ya muhogo.

Mama mkwe akamfunga mtoto kwa tambara chakavu, akamtoa nje kwenye ungo. Nilisimama mlango wa jiko. Pale jaani alikuwa amekwisha kutengeneza. Ukindu ameutandaza chini, karatasi amezisogeza kuzunguka, na lile duara langu limeegemezwa kwenye kifuu upande wa kichwani, samaki wawili bado wanang'aa. Akamweka mwanangu katikati ya mapambo hayo. Hakunitazama. Nikaelewa kwa nini hakuyachoma.

Jirani akapita kama mpita njia.

"Nimeokota mtoto hapa. Ni wa kwenu?"

"Si wetu," mama mkwe akajibu. "Sisi tulitupa taka."

"Na wewe mwenzangu, unamtaka?"

Nilikuwa nimefundishwa jibu. "Simtaki," nikasema. "Mchukue."

Baadaye watu walinisifu nilivyoigiza. Sikuigiza. Neno lile lilipotoka lilikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka kuzika, na sikutaka kumpenda wa tatu. Nilimwona anaondoka begani kwa jirani nikasikia nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyonitisha kuliko kaburi.

Niliambiwa ningoje ndani mpaka adhuhuri. Niliketi, nikasimama, nikaketi. Kisha nikabeba kikapu cha makopa nikatoka mlango wa mbele, kichwa wazi, mzazi wa siku saba, watu wananitazama. Nilimkuta jirani barazani kwake anamwogesha.

"Mbona mapema? Si umesema humtaki?"

"Namtaka," nikasema, mtaa mzima unasikia. "Namtaka. Namtaka tangu hajazaliwa. Nipe mwanangu."

Ndipo nikatambua nilichokifanya: nimemdai kwa sauti kuwa ni wangu, na kinachowachukua kimesikia. Mama mkwe alikuwa amenifuata, anahema, kanga mkononi. Nilidhani atanipiga. Akanifunika kichwa, akachukua kikapu akakiweka mbele ya jirani, akasimama akitazama barabarani.

"Upepo wa leo una kelele," akasema. "Mimi sikusikia kitu. Wewe umesikia?"

Jirani akamkausha mtoto taratibu, akanikabidhi. "Sikusikia," akasema.

Tukarudi nyumbani watatu. Siku hizi ni yeye, yule wa jaani, anayenigombeza nisitembee juani.