Rangi ya Mdomo Kwenye Injini

Siku hizi mafundi wengi hukimbilia kukata, lakini huyu wa Kimara bado anashika chuma kwa adabu ya zamani, taratibu, akiimba puani. Injini kubwa ya rota, ile isiyo na pistoni, ilipogoma kuingia kwenye gari la spoti la marehemu baba yake Jovina, Jovina alimshika fundi mkono.

"Fundi, usiikate bodi, tafadhali."

"Nikate mie? Hebu nipe rangi yako ya mdomo, dada."

Akaipaka injini, akaishusha kwa mnyororo, akaipandisha. Kila mara bodi ilipopata alama nyekundu pale injini ilipoigusa, aliifuta kwa kiganja, akasogeza vishikio vya injini, akapaka upya. Jioni akaishusha tena. Bodi ikabaki safi. Akaikaza injini, akaunganisha nyaya na mabomba.

"Panda uwashe, dada," akacheka. "Safari hii injini haijabusu popote."