Maziwa ya Milembe

Kijijini kwao, upande wa Lalago, aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu wa pamba hakukimbizwa hospitali kwanza. Alipelekwa kwa Milembe, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa na moyo usiojua kunyima. Alimlaza mgonjwa kwenye ngozi, akamnywesha maziwa mpaka tumbo likajaa, kisha akamtia vidole kooni atapike. Waliopona walimsifu katika kila gulio. Waliokufa hawakuwa na mdomo wa kusema, kwa hiyo sifa zake zilizidi kukua.

Msimu wa kupulizia pamba, mwanawe Maige alibakiza dawa, akaimimina kwenye chupa ya soda na kuisukuma uvunguni. Ni ujinga, tena ujinga ulio karibu kila nyumba yenye shamba. Mtoto wa Maige, Bujiku, alirudi machungani ana kiu, akaiona ile chupa. Milembe alimkuta ameanguka uani, mate yanamchuruzika, viungo vinamrukaruka.

"Mayu, niite bodaboda?" Maige alimuuliza mama yake.

"Bodaboda ya nini, mwana? Leta kibuyu!"

Bujiku alikuwa ameshalegea, hawezi kumeza. Bibi aliona maziwa yakiingia tu, akaridhika. Alipomtia vidole, mtoto alitapika na kupaliwa, akaanza kukoroma. Ndipo wakampakia kwenye pikipiki kwenda hospitali.

Tabibu Deogratias hakumkaripia. Heri angemkaripia!

"Mama, maziwa hayaui sumu," alisema. "Mtu akiwahi, akili zake ziko sawa na anameza vizuri, tunaweza kumpa mkaa wa hospitali, ule unga mweusi. Unainasa sumu tumboni isiingie kwenye damu. Wengine tunawaosha tumbo kwa mpira, lakini mpaka tumewakinga wasipaliwe. Na sindano za kupambana na hii sumu zipo. Huyu alitapishwa akiwa amelegea. Matapishi yamejaa kwenye mapafu."

Bujiku alikufa jioni ile. Msibani watu walisema ni mipango ya Mungu, na Milembe akawaacha waseme. Aliogopa. Kusema ukweli kuhusu mjukuu wake kulikuwa ni kusema ukweli kuhusu wengine wote waliolala kwenye ile ngozi, na nani angembakiza salama kijijini? Vikongwe wamefukuzwa kwa madogo kuliko hayo.

Akanyamaza mpaka siku jirani yake mjane, Nyanjige, alipoingia mbio, amembeba binti yake mgongoni. Binti alikuwa amekunywa dawa ya pamba.

"Mayu, maziwa! Upesi!"

"Sina. Mpeleke hospitali. Usimpe kitu, usimtapishe."

Nyanjige alitazama vibuyu vilivyojaa pale ukutani. "Unaninyima? Mume wangu ulimpa kwa mikono yako, mbele yangu!"

Milembe angeweza kudanganya tena. Binti alianza kutokwa povu.

"Nilimpa," alisema. "Nikamtapisha akiwa amelegea, na ndicho kilichommaliza. Bujiku vilevile. Kimbia!"

Nyanjige alibaki amemkodolea macho, kisha akakimbilia barabarani.

Binti alipona. Siku waliporudi, Nyanjige alipita mbele ya boma la Milembe bila kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja kisimani kwa wanawake wenzake. Kufika jioni, nyumba moja baada ya nyingine ilikuwa ikihesabu wafu wake waliolazwa kwenye ngozi ya Milembe.