Mkono wa Kiti cha Bibi Tausi

Ipo siku moja ya Kilosa ambayo sijaisahau, mwanangu Salma, na picha uliyonitumia jana kwenye simu imenirudisha palepale. Nimekiona hicho kichwa cha mashine unachotaka kununua kwa kazi yako ya kusafisha makochi. Kipana, kinang'aa, brashi yake imesimama wima. Umeniuliza kama kinafaa. Nitakujibu, ila nisikilize kwanza, maana kifaa kama hicho kiliwahi kuniliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafanya usafi kwenye nyumba ya wageni pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Tulikuwa na mashine ya kusafishia makochi, inanyunyiza maji ya sabuni kwenye kitambaa kisha inayafyonza pamoja na uchafu kupitia mpira mrefu. Mwisho wa mpira ndipo unapochomeka kile kichwa cha kushika mkononi. Tulikuwa navyo viwili. Kimoja kidogo, mdomo wake laini, kimechakaa. Kingine kipana, chenye brashi ngumu, na hicho ndicho nilichokipenda kwa sababu kilimaliza kazi haraka. Makochi ya pale kitambaa chake kilikuwa kigumu kama turubai, hakikuwahi kunilalamikia, basi nikajiona fundi.

Siku hizo Bibi Tausi wa Kilosa alikuwa anatarajia wageni wa kuleta posa ya mjukuu wake. Binti yake anayeishi Berega, ambaye alizoea kulala kwetu akiwa safarini, akaniomba nikamsafishie mama yake viti. Bosi akaniruhusu kuchukua mashine. Nikaipandisha kwenye gari la asubuhi, tukapita kijiji cha Ulaya na vumbi lake, na kichwa nilichobeba kilikuwa kile kipana peke yake. Kile kidogo nilikiacha makusudi.

Bibi Tausi macho yake yalikuwa yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Nilipompa shikamoo aliitikia, "Marahaba, mwanangu, umekula?" na kabla sijajibu uji ulikuwa umeshaletwa. Viti vilikuwa vinne. Vitatu vya kawaida. Cha nne kilikuwa cha mahameli ya kijani, cha marehemu mumewe, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu.

"Hicho kisafishe taratibu," akaniambia. "Mzee alikuwa akikaa hapo, mkono wake wa kulia juu ya mkono wa kiti. Siku hizi nikikaa mimi, naweka wangu."

Nikaitikia vizuri tu. Vile vitatu vikatoka safi. Nilipofika kwenye mahameli nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi. Nikakandamiza brashi kwenye mkono wa kiti, nikasugua mara tatu. Nilipoinua, manyoya ya mahameli yalikuwa yamekwenda na maji. Pamebaki upara wa ukubwa wa kiganja, nyuzi zinaonekana.

Unajua nilifanya nini? Nilichana manyoya ya pembeni kwa vidole yafunike pale, kisha nikatandika juu kitambaa cha kufuma. Nikamwita bibi, nikamwambia kazi imekwisha.

Akakaa. Akakisogeza kile kitambaa, akaweka mkono wake. Ukatulia pale.

"Zuhura, hapa pana nini?"

"Ni maji tu, bibi. Pakikauka patakuwa sawa."

"Haya, mwanangu," akasema, na mkono hakuuondoa.

Laiti angenigombeza! Nilitoka uani kufunga mashine, nikaiacha nusu. Nikarudi ndani, nikapiga magoti mbele yake. "Bibi, nimekudanganya. Nimekiharibu kiti cha mzee." Nikalia.

Naye machozi yalimtoka, lakini alinishika kichwa. "Nilijua, mwanangu. Mkono wangu unapafahamu hapo kuliko jicho la mtu. Nilikuwa nakusubiri uje uniambie mwenyewe."

Akaagiza aitwe jirani yake, Mzee Kibwana, fundi wa makochi, mtu wa maneno machache. Mzee Kibwana alikitazama kiti, akakiokota kifaa changu, akaniambia nikunjue mkono. Akaipitisha ile brashi mara moja juu ya ngozi laini ya ndani ya mkono wangu. Ikaacha mistari myekundu.

"Inauma?"

"Inauma, mzee."

"Ulikijaribu wapi kabla hujakipeleka kwenye kiti cha watu?"

"Sikujaribu."

"Basi ulichagua kwa kuitazama saa. Kitambaa hukukigusa."

Akakigeuza kiti, akabandua kipande cha mahameli nyuma, kule kunakoelekea ukutani, akakishonea kwenye mkono wa kiti. Nyuma akatia kitambaa kingine. Nikamshikia misumari, na gari likaniacha. Wageni wa posa walikuja, wakakaa, wakakubaliwa. Bibi alipopagusa mahali papya alisema, "Pageni kidogo. Tutazoeana." Nami kila nilipopata siku ya mapumziko nilikwenda Kilosa kumsalimia, mpaka binti yake alipomchukua akaishi naye Berega.

Sasa jibu lako, Salma. Hicho cha kwenye picha usikinunue. Tafuta chepesi, maana utakishika tangu asubuhi mpaka alasiri na kifundo cha mkono ni chako. Kiwe na kidirisha cha kuonea maji yanayopanda, yakiwa meupe ujue pametosha, uache. Pitisha kidole kwenye mdomo wake. Ukikwaruza kidole, utakwaruza kitambaa. Kisiwe kipana kupita kona za viti vya watu. Brashi iwe ya kuchomoa, uitumie panapostahili tu. Na hata ukipata kizuri kuliko vyote, kijaribu kwanza nyuma ya kiti. Ukiharibu, mwanangu, na siku moja utaharibu, mwambie mwenye kiti kabla hajaweka mkono.

Mungu akupe mikono yenye subira, akufungulie milango ya watu wema, na kila nyumba utakayoingia na mashine yako wakutamani urudi hata kama viti vyao ni safi.